Mama Pazia na Joto la Chumba cha Tatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi nasi. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, chungu kisije kikaungua akitusikiliza. Leo tunamkumbuka mkulima wa nyanya ambaye majirani walimwita Mama Pazia. Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na mitatu, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ameacha mume, watoto wanne na wifi mmoja.

Huyo wifi ni dada wa mume wake, na ndiye aliyetusimulia mengi ya haya. Alikuja hapa studioni kwa miguu yake mwenyewe. Tulimpa kiti chenye mto, akauondoa mto, akakaa. Akasema, "Semeni kama ilivyokuwa. Msinipambe." Basi hatutampamba.

Miaka kumi na sita iliyopita, wanawake wanane walijenga banda la plastiki la kulimia mboga. Banda lilikuwa moja, refu, limegawanywa vyumba vinane. Kila mama alikuwa na chumba chake, na kila chumba kilikuwa na pazia la plastiki ubavuni, la kukunja juu au kushusha. Mama Pazia alipata chumba cha pili. Wifi yake alipata cha tatu. Kati yao palikuwa na karatasi ya nailoni tu. Huyu akikohoa, yule anasikia.

Banda lilikuwa na kipimajoto kimoja, kilichopigiliwa mlangoni, upande wa nje, kivulini. Kwa nini pale? Kwa huruma, wasikilizaji. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa na goti bovu, na kupita kati ya matuta kulimtesa. Wenzake wakaona wamrahisishie, asome joto akiwa amesimama mlangoni. Kila siku saa saba mchana alisoma na kuandika kwenye daftari: nyuzi ishirini na nane. Siku nyingine ishirini na saba. Hilo ni joto ambalo nyanya hulifurahia. Kila mtu alilala usingizi.

Kila mtu isipokuwa wifi. Nyanya za chumba cha tatu zilitoa maua kwa vishada, ya njano, ya kupendeza. Halafu vikonyo vikageuka manjano, na maua yakadondoka. Hapakufunga hata tunda la kutia mkononi. Ng'ambo ya nailoni, kwa Mama Pazia, matawi yalikuwa yanainama kwa uzito.

Sasa hapa tuseme ukweli. Wifi alikuwa akishusha pazia lake mchana kutwa. Aliamini joto likizidi, nyanya zitaiva upesi, naye atafika sokoni kabla ya wenzake wote. Na siku moja alirudi kutoka kuchota maji akakuta pazia limekunjwa juu. Akalishusha. Kesho yake limekunjwa tena. Keshokutwa vilevile.

"Nikajua kuna mtu," alituambia. "Na mtu mwenyewe nikajua ni nani."

Akajificha nyuma ya tangi la maji, jua la utosini, ndoo kichwani kama kofia. Haikuchukua muda. Akamwona mke wa kaka yake anaingia chumba cha tatu, anatazama huku na huku, anaingiza mkono kifuani, anatoa kitu kilichofungwa kwa uzi. Anakining'iniza katikati ya maua. Anasimama. Midomo inacheza.

Jamani, mwenye shaka anataka nini zaidi?

"Nimekukamata!" Ndoo ikaanguka huko. "Uchawi wako umeishia leo!"

Mama Pazia alishtuka, lakini hakukimbia. "Ni kipimajoto, wifi. Nilikuwa nahesabu dakika. Shika usome mwenyewe. Thelathini na tisa. Maua yako yanapikwa humu."

"Mlangoni ni ishirini na nane!"

"Mlangoni umepanda nini?"

Mjue kwamba Mama Pazia hakusoma kilimo. Alikuwa mfagizi wa zahanati kwa miaka tisa kabla ya kushika jembe. Aliokota mengi akiwa na ufagio mkononi. "Mgonjwa akiwa na homa," alisema, "muuguzi humtia kipimo kwapani. Hakitundiki getini."

"Kumbe nyanya zina kwapa! Haya, kawaambie na wenzako."

"Nimekuambia wewe mara mbili, wifi. Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulianza kuimba."

Maneno yalifika kikaoni. Wanawake walitazama kile kipimajoto cha uzi, cha zamani, kioo kimefifia. Kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kipya. Wakaamini kipya. Mwenyekiti akatoa uamuzi: Mama Pazia asikanyage chumba cha mtu mwingine. Akikanyaga tena, atarudisha ufunguo wa banda, na chumba chake atapewa mwingine. Tunarudia ili ieleweke. Akigusa pazia la mtu, anatoka.

Bwana shamba naye alikuja, viatu vinang'aa. Aliona tope ndani, akasimama mlangoni, akasoma: ishirini na nane. "Joto lenu zuri," akasema, akaondoka. Wifi alitembea siku ile kama aliyeshinda kesi.

Lakini maua yaliendelea kudondoka. Pazia limeshushwa, mwanamke hakanyagi, na maua bado yanadondoka. Wifi akaanza kushuku maji. Akayaosha mabomba. Akashuku mbolea, akaihamishia chini ya kitanda chake. Alipokwenda kwa kaka yake alikuwa anainusa chai kwanza kabla ya kunywa.

"Dada," kaka yake akamwambia, "hiyo ni tangawizi."

Mwishowe aliamua kumaliza ubishi. Alikichomoa kipimajoto cha mlangoni, kile kipya, ili akitundike kati ya maua yake, asome ishirini na nane, amwite Mama Pazia amwaibishe mbele ya watu. Akageuza ndoo, akakaa. Kipimajoto kikasoma thelathini na moja. Kikapanda thelathini na sita. Kikafika arobaini. Akakishuku na chenyewe. Akakirudisha mlangoni: kikashuka taratibu mpaka ishirini na nane. Akakiingiza ndani: arobaini. Alifanya hivyo mara tatu, jasho linamtiririka mgongoni, na mara ya tatu akaelewa kwamba jasho lile lilikuwa linamwambia jambo lilelile tangu msimu uanze.

Nyanya, wasikilizaji, huvumilia joto kwa majani. Kwa ua haivumilii. Mchana ukizidi nyuzi thelathini na tano hivi, unga ulio ndani ya ua hufa. Ua linabaki zuri, lakini halizai. Na hata tunda lililowahi kufunga, kwenye joto kali haliivi vizuri, linabaki na umanjano. Pazia lililoshushwa ili kuharakisha nyanya ndilo lililokuwa linaziua.

Je, wifi alikwenda kuomba radhi? Hakwenda. Alikipigilia kipimajoto palepale mlangoni. Akaanza kulikunja pazia lake mwenyewe, kwa siri, saa nne asubuhi. Siku ya pili akasikia mtu anakohoa ng'ambo ya nailoni. Akajua ameonekana.

Zikapita siku kumi na moja. Na wengine nao wakaona: pazia la chumba cha tatu liko juu! Hakuna aliyemuuliza mwenye chumba. Walijua wamuulize nani. Kikao kikaitwa.

"Mama Pazia," mwenyekiti alisema, "ulikanywa mbele yetu sote."

Mama Pazia hakujibu. Hakumtazama wifi yake hata kidogo.

Wifi alikuwa amekaa juu ya kreti. Alikuwa na shaka. "Ananitega," aliwaza. "Anajua ni mimi. Mbona hasemi? Ananyamaza ili nijifunge mwenyewe." Alisubiri asikie jina lake likitajwa. Halikutajwa.

"Ufunguo," mwenyekiti akasema.

Mama Pazia akaufungua kutoka pindo la nguo yake. Fundo lilikuwa gumu, akatumia meno. Akauweka mezani, polepole, usipige kelele. Akainuka.

"Kaa," wifi akasema. "Pazia nimelikunja mimi."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya kumi na moja. Na kipimajoto chenu kinapima mlango."

Wakaingia wote wanane chumba cha tatu, pazia likashushwa, kipimajoto kikatundikwa kati ya maua. Goti la mwenyekiti lilikataa kwenye tuta la kwanza. Aliyempa bega la kuegemea ni Mama Pazia. Walisimama humo mpaka wakasoma wenyewe: thelathini na tisa.

"Mungu wangu," mwenyekiti akasema. "Msimu mzima tumeulimia mlango!"

Msimu ule maua ya mwisho ya chumba cha tatu yalifunga matunda. Tangu hapo mapazia yalikunjwa saa nne asubuhi, na miezi ya baridi yalishushwa kabla jua halijazama, maana baridi nayo huzidumaza nyanya na hoho. Saladi zilihamishiwa mwisho wa banda penye ubaridi, zisikimbilie kutoa maua na kuwa chungu. Jina la Mama Pazia lilianza kama kejeli. Mpaka anafariki, watu walilitamka kwa heshima.

Lakini wifi ana neno moja, na alituomba tulisome kama alivyolisema:

"Hakuwahi kuniuliza juu ya zile siku kumi na moja. Hata siku moja. Na mimi nikamshuku kwa hilo pia. Nilisema, mambo yale anayaweka moyoni, siku tukigombana atanipiga nayo usoni. Tumegombana mara nyingi, juu ya watoto, juu ya ukuta, juu ya kaka yangu. Kila tukigombana nilikuwa nangoja. Miaka kumi na sita nimengoja. Amekufa hajanipiga."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mume wa marehemu, watoto wake wanne, na kina mama saba wa banda. Na wewe wifi, uliyeko nyumbani unasikiliza, pole sana. Tumesema kama ilivyokuwa.

Apumzike kwa amani Mama Pazia. Na kama yupo mtu aliyekwisha kukusamehe, nawe hadi leo unamvizia ukingoja alipize, nenda ukamuulize, angali anaweza kukujibu.