Reli Ndogo Yaolewa

Mwaka ule reli ya mzungu mwenye kiwanda cha mbao ilipounganishwa na reli kubwa, gari moshi letu lilisimamishwa karibu na Eldoret kupisha kazi. Behewa zima la daraja la tatu lilihamia madirisha ya upande mmoja, hata nikahofia tungepinduka.

Nje, wanaume waliimba, na kila kiitikio kilipofika walisukuma reli kwa mitaimbo, nayo ikapinda kama upinde. "Chuma, Mzee!" akasema Mama Kageha, Mmaragoli, huku amemshika mkono mtu asiyemjua. "Wanapinda chuma na wimbo!"

Mzee Kimutai, Mnandi wa blanketi jekundu, hakuutoa mkono wake. "Naona, Mama. Hata fahali hatii hivyo. Hii ni arusi: reli ndogo inaolewa na kubwa."

Mama Kageha akapiga vigelegele, na wale wa nje wakamwitikia.

"Ngoja kwanza," akasema mzee. "Bibi arusi ametoka boma gani?"

"Si kwa huyo mzungu wa mbao?"

"Mbao zinatoka msituni. Na mizinga ya nyuki ya baba yangu bado iko juu ya miti hiyo. Sasa niambie, ng'ombe wa mahari wapelekwe wapi?"

Kabla mama hajajibu, vyuma viligusana. Behewa lote lilishangilia, na mzee alishangilia kutushinda.

Gari liliposimama stesheni, alikuwa bado anachungulia nyuma, kama baba mkwe aliyeambiwa ng'ombe wako njiani.