Vyumba Sita vya Shemeji

Benchi hili ni langu. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za makreti, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, ili mteja akae hapo mguu mmoja wazi huku nikimalizia kiatu chake. Mteja gani sasa! Limekaliwa na watu ambao hawajawahi kuniletea hata ndara. Asubuhi wanafika kabla sijafungua kufuli, wanauliza kama kahawa iko tayari, utadhani mimi ndiye niliyewazaa. Upande wa kulia hukaa Mhasibu, ambaye uhasibu hakuusomea popote. Alikuwa anachana tiketi mlangoni kwenye uwanja wa mpira, lakini ukimtajia kitu chochote lazima akizidishe kwa kitu kingine. Upande wa kushoto hukaa Waziri wa Ardhi. Huyo ni mpaka rangi. Aliwahi kupaka kuta za ofisi ya ardhi, akatoka humo anajua kila barabara itakayojengwa duniani. Na katikati yao, asubuhi hiyo ninayoisema, alikaa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ameshika kifua kama mtu mwenye kiungulia. Kiungulia hakuwa nacho. Ndani ya koti alikuwa na kiinua mgongo chake chote, jasho la maisha yake ghalani, na adhuhuri dalali alikuwa anakuja kuzichukua hizo pesa. Alikuwa ananunua nyumba ya kupangisha, vyumba sita, mitaa michache kutoka hapa.

Mdogo wangu alikuwa amenipitia nyumbani alfajiri, hata kitambaa cha kichwa hajakifunga vizuri. Akaniambia, "Kaka, pesa hiyo ikipotea hatuna nyingine. Muulize vizuri. Mimi nikimuuliza ananiambia ameshakwenda na wataalamu." Nikamwahidi nitamuuliza. Sasa jaribu wewe kumuuliza mtu swali akiwa amebanwa katikati ya hao wataalamu wenyewe.

— Shemeji, nikasema, hiyo nyumba umeiona vizuri?

— Tumeiona, akadakia Mhasibu.

— Sijakuuliza wewe.

— Lakini nilikuwepo. Tulikwenda ujumbe kamili. Mimi, Waziri na shemeji yako. Kila mtu na fani yake.

— Haya. Fani yako iliona nini?

— Suruali.

— Suruali?

— Kwenye kamba, nje. Nilihesabu suruali zilizoanikwa. Ukizigawa kwa mbili unapata wapangaji. Fundi, nyumba imejaa pomoni!

— Na wasiovaa suruali?

— Hao nimewaongeza kwa makadirio.

Nikachoma sindano kwenye soli kwa hasira, nikajichoma kidole. Waziri akanywa kahawa yake taratibu, kahawa yangu yaani, akajifuta midomo.

— Mimi nilitazama rangi, akasema. Mpya kabisa! Bado inanata. Tazama kidole changu, bado cheupe. Mwenye nyumba anayepaka rangi nyumba anayoiuza ni mtu muungwana sana.

— Au kuna kitu anakificha.

— Fundi, una roho mbaya wewe. Kila kiatu ukikiona unadhani kimetoboka.

— Kwa sababu vyote vinavyoletwa hapa vimetoboka! Haya, shemeji, na wewe je? Uliangalia nini?

Shemeji akakohoa. Ni mtu mpole, maneno yake huyatoa moja moja.

— Milango, akasema. Nilijaribu milango yote sita. Inafunga sawasawa. Makufuli mazima. Ghalani, mlango ukishafunga vizuri, mali iko salama.

— Mpangaji si gunia la sukari, shemeji.

— Najua.

— Anatoka, anaingia, anaugua, anahama.

— Najua, Fundi. Ndiyo maana nikawachukua na hawa.

Niliwatazama hao aliowachukua. Mmoja alikuwa anachokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti.

— Hebu nikupe hesabu utulie, Mhasibu akasema, akaitupa njiti. Vyumba sita. Zidisha kwa kodi. Zidisha kwa miezi kumi na miwili. Miaka michache tu nyumba imejilipa yenyewe, inayobaki ni faida tupu.

— Na chumba kikikaa kitupu?

— Kwenye hesabu yangu hakuna chumba kitupu.

— Mpangaji asipolipa?

— Kwenye hesabu yangu wanalipa.

— Bati likivuja?

— Fundi, usiniingizie maji kwenye hesabu! Tena nilikuwa sijamaliza. Vyumba ni sita, sawa? Walinzi wanalala mchana. Waoka mikate nao wanalala mchana. Watu wengine wote wanalala usiku. Sasa kwa nini kitanda kikae bure nusu ya siku? Unampangisha mlinzi mchana, unampangisha karani usiku. Chumba kimoja, kodi mbili! Vyumba sita vinakuwa kumi na viwili, hata tofali hujaongeza.

— Na mlinzi akiwa na mke?

Mhasibu akafikiri.

— Mke anakodi zamu yake.

Haki ya nani, nilitaka kumrushia nyundo. Shemeji, badala ya kucheka, alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayeanza kuelewa, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Mtu akiwa na hamu ya kuamini, hata upuuzi unamkolea.

— Kodi ni mambo madogo, akasema Waziri. Faida yenyewe iko ardhini. Ile nyumba barabara inaipitia. Kubwa, ya njia nne. Nimemuona mpimaji kwa macho yangu, amesimamisha kile chombo chake cha miguu mitatu, anachungulia.

— Sasa barabara ikiipitia nyumba si itabomolewa?

— Analipwa fidia!

— Na isipopita?

— Nyumba inabaki, anakula kodi. Unaona? Hakuna pa kupata hasara.

— Na ikipita nusu?

— Nusu analipwa, nusu anapangisha. Tena baada ya barabara kitakuja kiwanja cha ndege.

— Nani atapanga chumba chini ya ndege inayonguruma?

— Marubani.

Jamani! Nikaweka kiatu chini. Nikamgeukia shemeji, nikawapa hao wengine mgongo, maana niliona nikiendelea kuwatazama nitafungwa jela.

— Shemeji, nijibu wewe. Wewe mwenyewe. Kama nyumba inazaa hivyo, mwenyewe anaiuza ya nini?

— Amechoka kuhesabu pesa, akasema Mhasibu nyuma yangu.

— Mgonjwa, akasema Waziri. Au ana wake wawili.

— Dalali anasema anahamia kwa wanawe, akasema shemeji. Fundi, nisikilize. Mimi nimelipa kodi za watu tangu sijaota ndevu. Maisha yangu yote mlango ukigongwa mwisho wa mwezi, moyo unanienda mbio. Dada yako anajua, mara ngapi tumejifanya tumelala, watoto tumewaziba midomo. Nimechoka. Mgongo umekwisha, kazi nyingine siiwezi. Nataka na mimi mara moja mlango ugongwe mtu aniletee, si aje kunidai. Ni vibaya?

Nikajifanya natafuta uzi. Si vibaya. Ningekuwa na pesa ile na mimi ningetaka hivyo hivyo.

— Si vibaya, nikasema. Lakini mkeo umempeleka akaione?

— Mwanamke umpeleke kwenye biashara ya majengo akafanye nini? akauliza Waziri.

— Wewe nyamaza. Nyumba ya kupanga unakaa, mkeo anakuwekea chakula mezani, hujui hata mlango wa nyuma unafungukia wapi.

Kabla hajajibu, alifika mteja. Naam, mteja, kiumbe nisichokiona hapa mara nyingi. Mwanamke wa makamo, begi begani, anachechemea, kanda ya kiatu imekatika. Akasalimia, akanipa kiatu. Akatafuta pa kukaa. Benchi limejaa wanaume watatu wazima, na hakuna aliyesogea mpaka nilipowafokea, ndipo Mhasibu akajivuta upana wa kisigino kimoja.

— Nisaidieni, kaka zangu, akasema mwanamke akishakaa. Natafuta chumba cha kupanga mitaa hii. Tangu asubuhi nazunguka mpaka kiatu kimekata tamaa. Nyinyi mnaokaa hapa hamkijui?

Mhasibu nusura amwage kahawa.

— Soko! akasema. Si niliwaambia? Soko limekuja lenyewe kwa miguu!

— Kwa mguu mmoja, nikasema. Kiatu cha pili ninacho mimi.

Shemeji alikuwa ameshavuta kola ya koti, amekaa wima. Sikuwahi kumuona hivyo. Mpaka sauti ilibadilika.

— Dada, nina nyumba, akasema. Yaani, nitakuwa nayo kuanzia adhuhuri. Vyumba sita. Milango yote inafunga.

— Rangi mpya, akasema Waziri. Na barabara inakuja.

— Vyumba vimejaa, akasema Mhasibu, lakini kwako tutafanya mpango. Unalala mchana au usiku?

Mwanamke akamtazama Mhasibu kama anatazama mbwa ambaye hajui kama anauma. Kisha akamrudia shemeji.

— Sawa, baba. Choo kiko wapi?

Shemeji akamgeukia Waziri.

— Kiko nyuma, akasema Waziri.

— Nyuma wapi? akauliza Mhasibu. Nyuma kuna ukuta wa jirani. Suruali zimeanikwa hapo hapo, zinagusa ukuta.

— Basi kiko ndani.

— Ndani ni vyumba sita, akasema shemeji taratibu. Nilifungua milango sita. Hakuna wa saba.

— Labda mbele, akasema Mhasibu.

— Mbele ni barabarani!

— Siku hizi, akasema Waziri, kuna vyoo vya kisasa, huwezi kuviona kwa haraka.

— Watu watatu! Nilisikia sauti yangu imepanda mpaka muuza magazeti upande wa pili akageuka. Watu watatu wazima mmekwenda, mmehesabu suruali, mmelamba rangi, mmefungafunga makufuli! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza binadamu akiamka asubuhi anakwenda wapi?

Mhasibu akatazama chini. Shemeji alikuwa amekunja uso, anakumbuka kitu.

— Siku ile nilibanwa, akasema.

— Ulibanwa wapi?

— Pale pale kwenye nyumba. Nikamnong'oneza dalali. Akanishika mkono, akanivusha barabara, akanipeleka mgahawani. Nikajisaidia kule. Tena akaninunulia na chai.

— Na wewe hukushangaa?

— Nilimuona mtu wa heshima. Nikamwambia na mke wangu, yule kijana amelelewa.

Nilitaka kucheka. Lakini ungeuona uso wake usingecheka. Alikuwa anapapasa koti polepole, kama anahakikisha pesa bado zipo. Chai ya kikombe kimoja, jamani, na maisha yote ya mtu yalikuwa yanakwenda.

— Na hao wanaokaa humo sasa? akauliza mwanamke. Hiyo chai wanakunywa kila asubuhi?

Nilikuwa nimemaliza kanda, nikamvisha kiatu, nikakataa pesa yake. Shemeji akainuka.

— Dada, una haraka?

— Haraka yangu ni chumba tu, baba.

— Basi twende ukaione nyumba pamoja nami. Tunampitia mke wangu kwanza, ni hapo njiani. Hizi pesa atazishika yeye. Wewe na yeye mtaniambia mlichokiona, halafu nitajua.

Mhasibu na Waziri wakainuka na wao, mmoja anajipangusa suruali, mwingine anatafuta kandambili zake chini ya benchi.

— Nyinyi kaeni, akasema shemeji.

Hakupaza sauti. Lakini walikaa, wote wawili kwa pamoja, na mimi niliyekuwa nimeshasimama nikajikuta nimekaa pia. Akaondoka na yule mama, anamwachia upande wa kivuli, anamsikiliza. Niliona anamwonyesha kwa mkono nyumba anayopanga, na mdogo wangu akitoka mlangoni anajifunga kitambaa vizuri.

Adhuhuri ilipofika, dalali naye akafika. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, vya dukani, havijawahi kupita kwangu. Akatusalimia kila mmoja kwa heshima zake zote, akatabasamu, akatazama pengo lililobaki katikati ya benchi.

— Mzee wangu yuko wapi? Tuliahidiana.

Mhasibu akatumbukiza macho kwenye kikombe. Waziri akawa anakwangua rangi kwenye kidole. Nikajibu mimi.

— Amekwenda na mkewe pale kwenye nyumba. Wanatafuta choo.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki mdomoni kidogo, macho yameshakwenda. Hakuuliza choo gani. Akatazama saa, akasema kumbe ana mteja mwingine anamsubiri, tumsalimie mzee, akageuka na kukata kona kwa mwendo wa nusu kutembea nusu kukimbia.

Mhasibu akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea.

— Sasa yule mbona anakimbia vile?

— Huenda na yeye amebanwa, akasema Waziri.

Nikainuka, nikawanyang'anya vikombe.