Mwalimu Gusa na Uzio wa Uwanjani

Ndugu, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wa zamani mliojaa mpaka kule getini: nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu aliye mdogo ndiye hutumwa. Kaka zangu wameniomba nisiongee sana. Nimewaitikia "sawa", kama nilivyowaitikia maisha yangu yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yetu alikuwa mwashi, mama yetu mshonaji. Tangu alipoanza kutambaa, mikono yake haikutulia. Aligusa pasi ya moto, akalia, kisha akaigusa tena kuhakikisha. Dukani aliminya mikate, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwenye duka akachoka: "Mama, huyu ukija naye tena, mfunge mikono." Mama akamshonea mifuko mikubwa kwenye kila gauni, ili akiingia dukani aitie mikono humo. Mifuko ile ilirudi nyumbani imejaa mawe, vizibo vya soda na udongo mbichi. Nilipofikia umri wa kufua, aliyeisafisha ni mimi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya msingi ya pale pale stesheni. Mwaka 1971 alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza 1974, kisha akaenda chuo cha ualimu kuanzia 1975 hadi 1977. Hesabu zilimpita kando, hilo halifichiki. Alichokipenda ni kuchora na kufinyanga. Hata huko, kwenye mtihani wa mwisho alikatwa alama kwa sababu chati yake ilikuwa na madoa ya vidole pembeni. Alirudi nayo nyumbani akaitundika sebuleni, madoa na yote. Mama alipomuuliza haoni aibu, alijibu, "Inaonyesha kuna mtu alikuwepo."

Januari 1978 alipangiwa kufundisha shule ile ile aliyosomea, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2017. Mara mbili walitaka kumpa ualimu mkuu, mara mbili akakataa. "Ofisini nitamfinyanga nani?" alisema. Darasa lake lilikuwa la mwisho kwenye ile safu ya karibu na bomba, lina ndoo za udongo zilizofunikwa kwa magunia mabichi. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuchora kitu ambacho hajakishika. Tofali, kiatu, kiazi, sikio la mwenzake: gusa kwanza, ndipo uchore. Ndivyo alivyopata jina la Mwalimu Gusa, na nina hakika wengi wenu hapa jina lake jingine mmelisoma kwa mara ya kwanza kwenye matangazo ya msiba.

Si wazazi wote waliompenda. Mmoja alikuja juu kwamba shati la mwanawe limegeuka rangi ya matofali. Marehemu alimpa donge la udongo alishike huku akiendelea kugomba. Yule mzazi alitoka pale na kikombe.

Mwaka 1983 geti la shule lilikatika bawaba, akaitwa fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi alipomaliza, marehemu alimwambia, "Fundi, geti lako limepinda."

"Geti liko sawa, mwalimu. Ardhi ndiyo iliyopinda."

Dada yangu alipitisha kiganja kwenye fremu toka juu hadi chini, akanyamaza. Kwake yeye, kunyamaza ndiko kulikokuwa kuomba radhi. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa binti mmoja na kijana mmoja. Shemeji yangu, huyu mnayemwona amekaa hapa mbele, ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu lisubiri mchana. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelijia. Mwaka 1996 soko la zamani lilihamishwa, na pale lilipokuwa pakaachwa wazi katikati ya mji. Kamati ya uwanja ikaamua paundwe sanamu, na watoto wa shule ndio wazibuni. Kazi ikaangukia darasa la tano, kwa marehemu. Nadhani kamati ilitarajia mwenge, au tai, au mikono miwili inayosalimiana. Marehemu aliwapeleka watoto kwenye ule uwanja mtupu, akawavua viatu, akawaambia wakae, watembee, walale chini, wajue kuna nini. Kisha akawarudisha darasani kwenye udongo.

Alikuwa na sharti moja. Kila sanamu iwe na mahali ambapo mtoto mdogo kuliko wote pale shuleni anaweza kuweka mkono. Siku zile mdogo kuliko wote alikuwa binti wa darasa la kwanza, wakampa jina la Kipimo. Watoto walichora umbo kwa chaki ukutani kwa ukubwa wake kamili, Kipimo akaletwa, akanyoosha mkono. Usipofika, umbo linafutwa wanaanza upya. Kipimo alijiona mkaguzi wa serikali. Kuna siku aligoma kunyoosha mkono mpaka apewe pipi.

Zikapatikana sanamu tatu. Ya kwanza ni mama mwenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Ya pili ni mlinzi aliyesinzia kwenye kiti. Ya tatu ni ndala moja kubwa, ya mguu wa kulia, mtu mzima anaweza kulala juu yake.

Kamati ilipoona vifinyango ilishtuka. Mwenyekiti wa wakati huo aliuliza kwa nini mikono ya mama hailingani. Mtoto aliyemfinyanga akajibu, "Huo mrefu ndio wa kunivushia barabara." Mlinzi wa ofisi za halmashauri naye alimfuata marehemu, amekasirika kwelikweli.

"Mwalimu, yule ni mimi?"

"Kwani wewe unasinzia kazini?"

"Hata kidogo!"

"Basi si wewe."

Lakini ndala ndiyo iliyoleta kesi. "Ndala? Katikati ya mji? Wageni watatuonaje? Na mbona ni moja?" Marehemu alimwita aliyeibuni, msichana wa miaka kumi na moja, ajieleze mwenyewe. Akasema ya kushoto ilichukuliwa na maji ya mtaro siku ya mvua, akarudi nyumbani na ya kulia tu, na mama yake alimcheka badala ya kumchapa. Ile ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote. Mwenyekiti akatazama miguu yake chini ya meza. Ndala ikapita.

Shemeji alisuka nondo, watoto wakapaka saruji kwa mikono yao, na tarehe 2 Novemba 1997 uwanja ukafunguliwa. Chini palimwagwa mchanga. Kwa miaka kumi na minane watoto wa mji huu walipanda ile ndala, wakateleza kwenye ule mkono mrefu, wakamnong'oneza mlinzi sikioni. Pua yake ililika kwa kushikwa. Marehemu aliiona pua ile akafurahi kuliko alivyofurahia cheti chochote.

Mwaka 2015 kamati nyingine iliondoa mchanga ikamwaga zege, ili pawe nadhifu. Aprili 2016, baada ya mvua, mtoto mmoja aliteleza kwenye ukanda wa ndala, akaangukia lile zege, akavunjika mkono. Mama wa mtoto huyo alikuwa Kipimo. Ndiyo, yule yule. Dada yangu alikaa naye kwenye benchi la hospitali mchana kutwa, na alijiona kama yeye ndiye aliyemsukuma yule mtoto. Mkono ulipona. Lakini kamati ilikwisha kata shauri: sanamu zizungushiwe uzio wa vyuma, na kibao cha "USIGUSE".

Hebu fikirini. Kibao hicho, kwa Mwalimu Gusa.

Na kazi ya uzio ikaenda kwa nani? Karakana ya mume wake. Nilisimuliwa mazungumzo yao yote, na hayakuwa marefu.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Basi neno 'uzio' lisitamkwe tena ndani ya nyumba hii."

Dada akahamia chumba cha watoto. Niliitwa nije kusuluhisha, nikafunga safari na begi langu, nikakaa wiki mbili nikila vizuri bila kusuluhisha chochote. Baadaye alirudi chumbani kwake, mambo ya mke na mume wanayajua wenyewe. Lakini uzio ule aliapa hatauwekea hata kidole. Akipita uwanjani alitia mikono mifukoni, kama alivyofundishwa na mama.

Alipostaafu alianza kuhudhuria kila kikao cha kamati kilicho wazi kwa wananchi. Alikaa mstari wa mbele na kikapu chake cha kusuka. Mwenyekiti mpya, ambaye yupo hapa leo na tunamshukuru, alikuwa akimwona tu anashusha pumzi.

"Mwalimu, umekuja tena?"

"Uzio umeondoka?"

"Bado."

"Basi nimekuja tena."

Februari 2020 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mkono wa kazi, mkono wa udongo, ukawa haujui moto wala baridi. Hapo ndipo nilipomwona dada yangu akilia kwa sauti, na sitaki kulipamba. Alisema, "Nimebaki na mmoja, na vitu vya kugusa bado vingi." Vikao hakuviacha. Shemeji alimsukuma kwa kiti cha magurudumu, kisha akakaa nyuma ya ukumbi, kofia mapajani.

Juni 2022 Kipimo alisimama kwenye kikao. Siku hizi anauza vifaa vya ujenzi na ni mrefu kuliko sisi sote. Akasema, "Aliyeanguka ni mwanangu, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Amewahi kuanguka kitandani pia, na kitanda sikukizungushia vyuma. Kilichomvunja ni zege. Toeni zege, mchanga nitaleta mimi." Kamati ikajadiliana, ikakubali. Tulianza kupiga makofi. Mwenyekiti akatunyamazisha: nguzo zimechomelewa imara, kuzikata ni kazi ya mitambo, na mitambo haimo kwenye bajeti ya mwaka huo wala ya mwaka unaofuata. Dada yangu aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka sitini na mitano na mkono mmoja, na wote mle ndani tulijua hana miaka mingi ya kusubiri.

Ndipo shemeji aliposimama.

"Mwenyekiti, hakuna cha kukata. Nilifunga kwa nati. Spana moja inatosha."

"Fundi, mkataba ulisema uchomelee!"

"Ulisema uwe imara. Umeanguka?"

Dada yangu aligeuza kiti kwa ule mkono mmoja. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ningekataa kazi, angepewa mwingine, naye angechomelea."

"Miaka sita! Na hukuniambia?"

"Ulisema lile neno lisitamkwe nyumbani."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye alicheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikageuka kilio, halafu hatukujua tena ni kipi. Zile nati zilikuwa upande wa ndani, zimepakwa rangi ile ile ya vyuma. Kwa macho hazionekani. Kwa vidole, mtu angezijua mara moja. Dada yangu aliyegusa pasi ya moto, mikate ya watu na masikio ya watoto, kitu kimoja tu alikataa kukigusa, na siri ya mume wake ilikuwa hapo hapo.

Tarehe 9 Julai 2022 tulikwenda uwanjani. Shemeji alimpa spana katika mkono wa kushoto, akamshikia kiwiko. Nati ya kwanza aliifungua yeye. Nyingine zilifunguliwa na watu wazima aliowafundisha kushika chaki. Vyuma vilipolazwa chini, alisukumwa mpaka kwenye ndala, akaweka kiganja juu ya ukanda na akakaa hivyo mpaka jua likawa kali, tukamwomba twende. Alikataa.

Septemba mwaka huu kiharusi kilirudi. Alilazwa hospitali ya wilaya, akahudumiwa vizuri, na tunawashukuru madaktari na wauguzi. Siku za mwisho hakuweza kusema. Alishika mkono wa mume wake kwa ule wa kushoto, akawa anapapasa kifundo cha kila kidole, pole pole, akikizungusha kama anafungua kitu. Shemeji alimwacha afungue. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka zake wawili, na mimi. Ameacha wanafunzi ambao hatukuthubutu kuwahesabu. Ameacha mama mwenye mkono mrefu, mlinzi asiye na pua, na ndala moja ya kulia.

Jambo la mwisho, kaka zangu, nakaribia. Jana watu wa makaburi walituuliza kama kaburi litawekewa uzio wa vyuma, kama mengine mnayoyaona hapa. Tukamgeukia fundi. Yeye, ambaye jibu lake husubiriwa mchana, alijibu hapo hapo: "Kazi hiyo siichukui. Hata kwa nati."

Kwa hiyo litabaki wazi. Mwenye kutaka kuweka mkono, aweke. Dada yetu na apumzike kwa amani.