Mkasi Anaiaga Meza ya Kukatia

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya kukatia vitambaa, Dada Mkasi anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi liko kwenye karatasi za mshahara tu. Humu katika karakana ya sare, hata meneja humwita Mkasi.

Alianza kwa kufagia mabaki. Fundi mkuu wa enzi hizo alipougua mgongo, yeye akapewa mkasi kwa muda, na muda huo haukuisha. Kitambaa alikijua kwa kukipapasa. Aliwahi kumrudishia muuzaji robota zima la kitambaa hafifu, muuzaji mwenyewe akiwa bado anakunywa chai yetu.

Saratani ya titi ilipomjia mara ya kwanza, alituambia. Nywele zikamtoka, tukamshonea vilemba mpaka akalalamika kwamba ana kichwa kimoja tu. Alipomaliza dripu za tibakemikali, tulimpokea getini kwa vigelegele.

Miaka minne baadaye akaanza kuomba ruhusa. Shangazi anaumwa, alisema, hana wa kumpeleka hospitali. Tukamtumia shangazi salamu, machungwa, hata blanketi tulilolishona wenyewe. Siku moja nilimpeleka mama mkwe wangu kupimwa macho, nikamkuta Mkasi kwenye benchi nje ya wodi ya saratani, blanketi lile magotini.

"Shangazi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Shangazi ndiye huyu unayemwona." Akalivuta blanketi. "Mlikwisha kushangilia. Ningewaambia nini tena?"

Ugonjwa ulikuwa umerudi, na zile dawa za kwanza hazikuuweza tena. Daktari alitaka kumbadilishia, akamweleza wazi kwamba hizo mpya huweza kutia vidole ganzi isiyoondoka. Mtu wa mkasi! Mumewe alishafariki, binti yake yuko ng'ambo. Wiki nzima aliliwaza jambo hilo peke yake, akikata sare za watoto katikati yetu huku sisi tukipiga soga. Kisha akakubali.

Uvimbe umepungua, daktari ameridhika. Vidole vimekufa ganzi. Mwezi uliopita alijikata, asijue mpaka alipoona damu kwenye kitambaa cheupe. Akanawa, akaenda ofisini kwa meneja kuaga kazi. Meneja alimsihi abaki kama msimamizi, akakataa. Kutwa nzima kutazama mikono ya wenzake kungemuua kabla ya saratani, alisema, na akacheka yeye tu.

Dripu bado zinaendelea. Tumemwambia tutamsindikiza, akajibu, "Tutaona." Tunamjua: maana yake hapana.

Tutakuja hivyo hivyo, Dada. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza nawe. Asante kwa kila sare iliyopita mikononi mwako. Nenda salama, upone, uzeeke ukiwa mbishi.