Mistari Miwili ya Bwana Shamba Salvatori Lyamba

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Salvatori Lyamba, Bwana Shamba wa Kakese, ambaye wengi wenu amewahi kuwagombeza mkiwa katikati ya mahindi yenu.

Alizaliwa Usevya tarehe 3 Mei 1964, mtoto wa nne wa mzee Simon na mama Rozalia, akasoma hapohapo, na mwaka 1987 akahitimu chuo cha kilimo mkoani Mbeya, akaajiriwa Mpanda hadi alipostaafu mwaka 2024. Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa takatifu na Emelyne, binti wa Katumba, wakajaliwa watoto watatu, Hilaria, Egide na Joselina.

Viwavijeshi walipoingia mashambani mwaka 2017, wakulima walipiga dawa ileile kila wiki, naye akapiga kelele hadi sauti ikamkauka, akieleza kwamba dawa inaua wadudu dhaifu, wanabaki sugu, na hao ndio wanaozaana, kwa hiyo mistari miwili ya mahindi ya pembeni iachwe bila dawa, ili wale dhaifu nao wawepo, wazaane na sugu, na sugu wasitawale. Emelyne aliiona mistari yake ikitafunwa kila msimu, akanung'unika, lakini aliiacha.

Machi 2023 Salvatori aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, vidonge vikamkubali, akarudi kwenye pikipiki yake, nasi tukajua yameisha. Agosti 2024 vipimo vya damu vilionyesha saratani imerudi. Ni yeye aliyemweleza mkewe kwamba seli dhaifu zimekufa, na zilizobaki hazisikii dawa. Alimuuliza daktari kama dawa ingeweza kutolewa kwa vipindi, ili seli dhaifu nazo zibaki, kama kwenye ile mistari ya shambani, na daktari, bila kumficha, akajibu kwamba jambo hilo bado linafanyiwa utafiti, na kwamba kwake yeye sugu walikwishajaa. Emelyne alikaa pembeni akiwatazama watu wawili wanaojua kila kitu na hawana la kufanya.

Alifariki nyumbani Kakese tarehe 9 Februari 2026.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakutudanganya, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa idara ya kilimo. Mahindi ya Emelyne yamefika kiunoni, amepiga dawa juzi, na mistari miwili ya pembeni ameiacha, ingawa anasema hajui tena anamwachia nani.

Salvatori, umechoka, pumzika sasa kwa amani.