Mzee Kasimiri na Jina la Mama Gaudensia

Miaka thelathini na minne si mchezo. Mzee Kasimiri Masunga alianza kazi stesheni ya Mpanda mwezi Mei 1991 akiwa kibarua wa kupakia mizigo, na tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu akiwa karani mkuu wa mizigo. Mimi nimekaa naye dirisha kwa dirisha miaka kumi na sita, mimi tiketi, yeye mizigo. Kwa hiyo kamati ya sherehe ya kumuaga iliponiambia niandike wasifu huu sikubisha, ila niliwaonya kwamba nitasema yote. Mwenyewe nimemsomea, akaguna tu.

Alizaliwa Kasokola, mtoto wa wakulima wa mahindi. Kalamu alipewa mwaka 1996, baada ya wakubwa kugundua kwamba yule kibarua mrefu anakumbuka kila gunia limetoka wapi na linakwenda kwa nani, wakati daftari lenyewe halijui. Tangu hapo silaha yake imekuwa kopo la rangi nyeusi na brashi, ya kuandikia majina kwenye mizigo. Karatasi za kubandika zilipoletwa alizipokea kwa adabu zote, akazifungia kabatini, na zimo humo mpaka leo.

Vituko havikosi. Kuna siku ndoo ya asali ya Silvester, mteja wetu wa Magamba, ilipasuka, nyuki wakaifuata mpaka stoo. Sisi wengine tulitimua mbio hadi barabarani, mkuu wa stesheni akiwa mbele yetu. Tuliporudi tulimkuta Mzee Kasimiri ametulia kwenye stuli yake, anaandika kwenye daftari kwamba mzigo umepokelewa ukiwa na wasindikizaji.

Sasa niseme lile ambalo stesheni nzima tunalijua na huwa hatulisemi.

Machi 2021, baada ya mvua ya siku tatu, tuta la reli lilimomonyoka kwenye kalvati moja huku upande wetu. Treni ya abiria kutoka Tabora ilifika hapo asubuhi, ikabakiza mwendo mfupi tu kuingia Mpanda. Mabehewa mawili yakaanguka. Watu kumi na wanne walifariki, na wengine hawakutambulika kwa sura. Wakaitwa watu wanaojua mizigo, yaani Mzee Kasimiri. Siku mbili alizunguka kwenye yale matope akisoma magunia na mabegi, na kwa njia hiyo familia nyingi zikapata watu wao. Mama mmoja kati yao alikutwa ameshikilia robota la mitumba lililoandikwa ROMANA, KAREMA. Romana ni mfanyabiashara tuliyemfahamu wote, na ndugu zake walikuwa wanamtegemea kwa treni hiyohiyo. Mzee akasema ni yeye. Wakamchukua, wakamzika Karema, misa ikasomwa.

Siku ya tano Romana akashuka kwenye boti pale Karema, mzima kabisa, akakuta turubai nyumbani kwao na watu wanamlilia. Alikuwa amepitia Kigoma, simu ikaibiwa stendi, na lile robota alimpa abiria mwenzake Tabora amsogezee. Wapo waliokimbia, na wapo waliomshika mikono wasimwachie.

Jamani, huku kwetu mzigo huandikwa jina la anayeupokea, siyo anayeubeba. Akina mama wa biashara humpa yeyote anayesafiri. Na aliyewazoesha hivyo ni Mzee Kasimiri mwenyewe, kwa miaka yote ile. Siku ile, kwa uchovu na kwa uchungu, alisoma robota akasahau kanuni yake.

Ubaya zaidi, siku ya pili ya ajali alikuja kijana wa Mpimbwe, Benedikto, anamtafuta mama yake, Gaudensia, aliyekuwa anatoka kumsalimia binti yake Tabora. Mzee alimjibu kwamba akina mama wote waliofariki wameshatambuliwa, ajaribu hospitali za Tabora. Benedikto akaenda. Alikuwa bado anazunguka wodi kwa wodi wakati mama yake anazikwa Karema kwa jina la Romana.

Ofisi ilitaka kupeleka barua ya kuomba radhi. Mzee alikataa, akapanda bodaboda mpaka Mpimbwe, akaketi mbele ya ukoo. Nilikuwa naye, na maneno yake nayakumbuka.

"Mama yenu nimewakosesha mimi kumzika. Si ofisi, si mvua. Ni mimi niliyesema jina la mtu mwingine."

Wazee waliuliza maswali mengi, kisha wakakubaliana na akina Romana kwamba marehemu asisumbuliwe tena. Abaki Karema, na akina Romana watalitunza kaburi. Msalaba ulibadilishwa, jina la Gaudensia akaliandika Mzee kwa mkono wake. Benedikto alinyanyuka akaenda shambani, na tangu siku hiyo akitaka kwenda Tabora anapanda basi.

Mzee aliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu wa stesheni hakuipokea. Nami nilimwambia wazi kwamba akiondoka atakayekuja atafanya kosa lilelile. Akabaki, na tangu hapo hakuna mzigo unaoingia behewani bila majina mawili, la anayepokea na la anayebeba, pamoja na namba zao za simu. Wateja wamemtukana, sisi tumemtania, foleni imefika hadi getini, na yeye hakulegeza hata siku moja. Leo stesheni zote za njia yetu zinafanya hivyo. Sifa hiyo ukimpa anabadilisha mazungumzo, na kila Machi huomba ruhusa ya siku mbili akapalilie kaburi la Karema. Huenda peke yake.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, na zaidi kwa kutuonyesha namna mtu mzima anavyolibeba kosa lake bila kumtupia mwingine. Nitakukosa sana hapo dirishani, sifichi. Mungu akupe afya, mahindi ya Kasokola yakuitikie, na wajukuu wakuchoshe.

Nilikuwa nimemalizia hapo. Lakini Jumanne iliyopita Benedikto alikuja dirishani kwangu. Hakukata tiketi. Alisema Jumamosi baada ya sherehe yetu ukoo wao unakodi gari kwenda kusali Karema, na nafasi moja wameiacha wazi, nimwambie Mzee. Nikamwambia Mzee yupo hapo jirani, amwambie mwenyewe.

Akasogea dirisha la pili. Akamsalimia, shikamoo.

Mzee aliweka brashi chini, akasimama, ndipo akaitikia marahaba.

Josephina, karani wa tiketi