Mama Emerance, Rafiki wa Watu wa Reli

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Emerance Numbi, mshonaji wa nguo, aliyetuacha wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Mama Emerance Numbi. Kama umewahi kuingia Kalemie kwa treni, huyu mama umemwona. Nyumba yake iko hatua ishirini tu kutoka kwenye reli, na cherehani yake ilikaa barazani ikitazama reli, wala si barabara. Mteja aliyekuja kupimwa aligeuzwageuzwa mpaka fundi aone reli vizuri juu ya bega lake.

Alizaliwa Kabalo. Alikuja Kalemie kwa treni, bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Binti yake, Laure, anasema marehemu baba yake alilalamikia safari ile mpaka uzeeni. "Papa alikuwa anasema: kwa kila kituo mama yako alishuka kuangalia mashinisti. Mimi bwana yake, hata jicho moja hakunitupia." Mashinisti ndiye dereva wa treni, kwa wageni wa mji wetu.

Mama Emerance alipenda treni, ndiyo. Lakini watu wa treni aliwapenda zaidi. Aliwajua mafundi wa njia, wale wanaotembea kwa miguu juu ya reli asubuhi, nyundo begani, kabla treni haijapita. Wanagonga chuma, wanainamisha kichwa, wanasikiliza. Mama Emerance alisimamisha cherehani ili kelele isiwasumbue. Akawatolea maji ya kunywa. Kisha akamwambia Laure: "Angalia ule papa. Anagonga mara moja tu, anajua boluti gani imelegea. Mimi sindano yangu mwenyewe inanidanganya."

Na mashinisti aliyemheshimu kuliko wote alikuwa Papa Floribert Ilunga. Treni ya Papa Floribert ikipita, Mama Emerance alisimama barazani na kuinua mikono yote miwili juu. Papa Floribert naye alitoa mkono dirishani, akicheka. Miaka zaidi ya ishirini, wasikilizaji. Hawakuwahi kuketi pamoja hata siku moja.

Mnakumbuka ziwa lilipopanda. Maji yalimeza ufuo ambapo wamama wa mtaa ule walianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wakahamia kwenye kokoto za reli, kwa sababu kokoto zinakausha upesi na hazina mchanga. Treni zilikuwa chache, zinakuja bila siku maalumu. Basi kila asubuhi wamama walimuuliza Mama Emerance: leo treni iko? Naye alijua. Mafundi wa njia wakipita, treni iko. Wasipopita, haiko. Wamama waliweka samaki wao, na miili yao, juu ya neno lake.

Jumapili moja alikwenda misa ya kwanza. Mafundi walipita yeye akiwa kanisani. Aliporudi, wamama walikuwa wakimngoja na mabeseni yao. Jibu la kweli lilikuwa moja: sijui. Na hakulitoa. Mwenyewe hakulificha jambo hili, alimwambia kila aliyetaka kusikia: "Nilisikia haya kusema sijui. Watu walishazoea kuniuliza. Nikasema leo hapana, anikeni."

Saa nne treni ilitokea kwenye kona. Ilikuwa ya Papa Floribert. Mama Emerance alikurupuka kutoka barazani, mikono yote miwili juu, akikimbilia njia. Wamama walitawanyika. Breki zilifungwa, lakini zilichelewa. Treni ilisimama ikiwa imeshapita juu ya ndagala. Mama Chérie, jirani yake, aliporomoka kwenye tuta akavunjika mkono. Hakuna aliyekufa. Narudia, wasikilizaji: hakuna aliyekufa.

Kuanzia Jumatatu ile, Mama Emerance alikwenda stesheni kwa miguu kila asubuhi, kumuuliza shefu mwenyewe. Mvua, jua, magoti yanayouma, alikwenda. Shefu akisema treni haiko, wamama walianika. Shefu akiwa hana habari, Mama Emerance alirudi na kusema wazi mbele ya wote: "Sijui." Na mabeseni yakarudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka minne, na katika miaka hiyo minne hakuna mama hata mmoja aliyekutwa na treni njiani. Mimi nimehoji wakubwa wengi kwenye redio hii. Wanaojua kusema sijui nawahesabu kwa vidole.

Lakini cherehani aliiingiza ndani. Baraza ikabaki tupu. Mama Chérie ameniambia: "Mukono yangu ilipona kwa miezi mbili. Roho yake njo haikupona." Laure alimsihi mama yake atoke nje treni ikipita, akakataa. "Nitamuangalia Papa Floribert na macho gani? Mimi njo nilimuwekea watu mbele ya mashini yake."

Jumamosi iliyopita nilikuwa kilioni. Papa Floribert alikuja na nguo zake za kazi, moja kwa moja kutoka stesheni. Akaomba kusema. Alisema hivi:

"Ile siku nilimuona mama mbele ya kila kitu. Aliinua mikono mbili. Nikawaza njo salamu yake ya siku zote. Nikamurudishia mukono, na kucheka nilicheka. Alikuwa ananiambia simama. Nilipoelewa, nilikuwa nimechelewa. Toka pale nilikuwa naangalia baraza yake kila safari, nilitaka nimuombe musamaha. Haikuwa na muntu. Nikasema basi, mama ananikataa, na iko na haki."

Laure alisimama, akaenda kukaa karibu yake. Akamwambia: "Papa, hakukukataa. Treni yako ikipita, alikuwa anasimama nyuma ya rido ya dirisha, anakuangalia mupaka behewa ya mwisho."

Nilimwona mzee yule akifunika uso kwa kofia yake. Sioni haya kuwaambia kwamba na mimi nililia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Laure, kwa wajukuu, kwa Mama Chérie na wamama wote wa pembeni ya reli, kituo chetu kinatoa pole za dhati. Pole pia kwa Papa Floribert na kwa mafundi wote wa njia, waliopoteza mtu aliyeiona kazi yao. Mungu ampokee Mama Emerance Numbi.

Na sasa ombi langu. Miaka minne watu wawili waliokuwa wakipendana walikwepana, kila mmoja akiamini kosa ni lake peke yake. Maneno ya Papa Floribert yalisemwa vizuri sana, mbele ya watu wengi, na Mama Emerance hakuyasikia. Kama kuna mtu unamkwepa kwa sababu unamwonea haya, na bado yuko hai, zima redio yangu sasa hivi uende kwake. Sitakasirika.